Ganda la Ami na Bastola 87

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni hapa Mji wa Kale, mbele ya wenzangu tunaokusanya vitu vya zamani. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyatamka, nimetoa tu pale stima ilipopotea tukakaa kungoja.

Assalam aleikum wazee wangu, bwana asifiwe kwa wale wa upande huo, na nyinyi vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na joto hili, najua wengine mmevuka feri na foleni yake leo si ya kusimulia.

Kwanza niwatoe wasiwasi, manake nimeona macho yanatazama hili kopo la biskuti hapa mezani. Humu ndani hamna bastola. Mna karatasi moja ya shabaha, ganda moja tupu la risasi, na daftari mbili. Bastola sina, leseni sijawahi kuomba, na sheria yetu ya silaha, ile Sura ya 114, haina mchezo, kila silaha na cheti chake na ukishikwa bila cheti ni kesi kubwa. Hata hili ganda kabla sijaanza kutembea nalo nililipeleka kituo cha polisi nikawaonyesha, wakaligeuza geuza wakaona ni tupu wakanirudishia. Na nitasema hili mara moja tu, mkikuta risasi nzima kwenye kopo la babu yenu msiziguse, iteni polisi waje wenyewe.

Mimi ninachokusanya ni habari za bastola. Katalogi, vitabu vya maelekezo, picha, namba, barua za watu waliozitumia. Na kati ya bastola zote kuna moja ndo imenikamata roho, bastola ya shabaha ya semi-otomatiki, yaani inajijaza risasi yenyewe kila ukipiga, yaitwa Modeli 52-A, ilitengenezwa Marekani, na zilitoka 87 tu. Si elfu themanini na saba, wala si mia nane na kitu, ni 87, mkizipanga zote juu ya meza za ukumbi huu zatosha na nafasi yabaki ya kuweka vikombe vya kahawa.

Sasa mtu wa Mombasa amefikaje huko? Nimefikishwa na ami yangu Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ami alikuwa fundi mitambo bandarini, lakini Jumapili miaka ya sabini alikuwa akipata vijisenti kwenye uwanja wa shabaha wa klabu moja huko nje ya kisiwa. Kazi yake ilikuwa kubandika. Yaani watu wakishapiga, yeye anakwenda kwenye ubao na gundi yake na viraka vidogo vya karatasi, vyeusi vya katikati na vyeupe vya pembeni, anaziba kila tundu ili karatasi itumike tena, na kabla ya kuziba anahesabu alama anaziandika kwenye daftari la shule, tarehe, jina la mpigaji, namba ya silaha, alama alizopata. Mkono wake ulikuwa mzuri sana, herufi zimesimama kama zimechapwa. Alipofariki tukagawana vitu, wengine wakachukua saa, wengine redio, mimi nikabaki na kopo kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Hebu niwaonyeshe karatasi yenyewe. Hii hapa haikubandikwa viraka, ndo maana najua alipewa kama zawadi. Tazameni matundu. Risasi ya kawaida yenye ncha ikipita kwenye karatasi inachana, pembeni kunabaki vijinyuzi, huwezi kujua mstari umeguswa au haukuguswa. Haya matundu hayakuchanika. Yamekatwa mviringo safi kama umechukua ile panchi ya ofisini ukabonyeza. Na tazameni hapa katikati, matatu yamekaa kama mafiga, yamegusana kingo tu, naweza kuyafunika yote kwa shilingi ishirini. Nyuma ameandika kwa penseli Juni 1974, na 96, na herufi X tatu. Nilidhani X ni makosa, amekata. Kumbe ni kiduara kidogo kabisa ndani ya duara la alama kumi, kinatumika kuamua watu wakifungana alama.

Na hili ganda. Lishike mwanangu, lizungushe, mpe mwenzio. Mwaona pale kwenye kitako, chuma kimetoka nje kidogo kama ukingo wa sahani? Sasa huo ukingo ndo ulioninyima usingizi. Mtu yeyote anayejua silaha atakwambia ganda lenye ukingo ni la rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ukingo ndo unaolizuia lisitumbukie ndani ya silinda. Lakini mimi nimemsikia ami kwa masikio yangu nikiwa mtoto, tumekaa barazani Kibokoni, akisema yule mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi za mashine bandarini alikuwa na bastola ya magazini, lile kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, inatema maganda yenyewe, na yeye ami alikuwa akiyaokota kwenye nyasi upande wa kulia. Rivolva haitemi. Rivolva unaifungua unamwaga. Kwa hivyo ama ami kakosea, na ami hakuwa mtu wa kukosea mashine, ama kuna bastola ya magazini inayokula risasi ya rivolva.

Nikaenda kwa kijana fundi simu pale karibu na Marikiti, ana ile hadubini wanayoangalia saketi za simu, nikamwomba aliweke ganda chini yake. Wallahi nilifurahi kama mtoto. Kwenye ukingo palionekana mkwaruzo mdogo, chuma kimekwaruzwa upande mmoja tu, alama ya kikucha kinachovuta ganda kwa nguvu kulitoa. Ami alikuwa sawa!

Basi nikaanza kutafuta ni bastola gani za magazini zilizotengenezewa risasi hii, thati eiti speshali (.38 Special), risasi ya rivolva. Hazikuwa nyingi, kwa sababu hiyo hiyo ya ukingo. Ukizipanga risasi zenye ukingo juu ya nyingine ndani ya magazini, ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ukingo wa chini zinashikana, inayofuata haipandi, bastola inakwama. Viwanda viwili vya Marekani ndo vilivyojitwisha mzigo huo kwa ajili ya wapiga shabaha, Colt na Smith & Wesson, wote mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na wote wawili walitaka risasi ya aina moja tu, ile inayoitwa wadikata, ambayo ukiiona mara ya kwanza utadhani haijamalizwa kutengenezwa. Haina ncha. Ni kipande cha risasi cha mviringo kimezamishwa chote ndani ya ganda hadi kikalingana na mdomo wake, juu ni bapa kama kizibo. Huo ubapa ndo unaokata karatasi kama panchi. Na kwa sababu imezama, urefu wake wote ni mdogo, inaingia kwenye magazini.

Sasa ya nani, Colt au Smith & Wesson? Hapa ganda likajibu tena lenyewe. Bastola ya Colt ya aina hiyo ilichongwa mifereji ya duara ndani ya chumba cha risasi, ili ganda likivimba kwa moto liingie kwenye ile mifereji, lichelewe kidogo kutoka. Matokeo yake ganda likitoka lina pete pete mwilini, unazihisi kwa ukucha. Pitisheni ukucha kwenye hilo lililoko mikononi mwenu. Laini tupu. Kwa hivyo ni Smith & Wesson, na Smith & Wesson walikuwa na moja tu ya kazi hiyo, Modeli 52, wenyewe wakaiita thati eiti masta.

Niseme kidogo habari za Modeli 52 manake naipenda na sioni haya kusema. Ilitoka 1961, ikajengwa juu ya mwili wa bastola yao ya zamani kidogo ya milimita tisa, Modeli 39. Mtutu wa inchi tano, na mdomoni mtutu unatanuka kidogo halafu unashikwa na bushi, yaani pete ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, ambayo unaikaza kwa ufunguo wake maalum unaokuja ndani ya boksi, ili mtutu ukirudi mahali pake baada ya kila risasi urudi pale pale, usicheze hata unywele. Kila moja ilijaribiwa kiwandani kabla ya kutoka, inafungwa kwenye kishikio cha chuma inapigwa risasi tano umbali wa yadi 50, kama mita 46 hivi, na zote tano lazima ziingie ndani ya inchi mbili. Inchi mbili ni kama kizibo cha mtungi wa maziwa. Kutoka hapa nilipo hadi ng'ambo ya barabara na zaidi.

Na magazini yake inachukua risasi tano tu. Kijana mmoja aliniuliza mbona chache hivyo, bastola gani hiyo. Ni kwa sababu ya mchezo wenyewe. Mashindano yao wanapiga tano tano, risasi tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10, na zile za polepole kumi kwa dakika kumi. Tano zinatosha, ya sita ingeongeza uzito na matatizo bure. Ni chombo cha kazi moja, kama patasi ya fundi wetu wa milango ya nakshi, hutaipigilia msumari.

Alafu kuna watu wananiambia, wewe una ugonjwa wa silaha. Hapana. Mimi nilianza kuheshimu mchezo huu niliposoma habari za Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia mkono wa kulia, ule ule wa kupigia shabaha, ukaharibika. Akajifunza kwa mkono wa kushoto, bila kumwambia mtu. Vita vikaja vikapita, michezo ya Olimpiki ikafutwa mara mbili, na 1948 London akachukua dhahabu ya bastola ya kasi, na 1952 Helsinki akachukua tena. Kwa mkono wa kushoto. Mtu kama huyo ukiniambia chombo chake ni chombo cha ubaya, siwezi kukubali, chombo kile kilimrudisha duniani.

Turudi. Nilipokuwa nasoma habari za 52 ndo nikakutana na ndugu yake mdogo aliyepotea. Jeshi la Marekani lina kikosi cha kufundisha na kushindana kwa shabaha, kilianzishwa 1956, makao yake Fort Benning, jimbo la Georgia. Hawa walikuwa wanashindana kitaifa na kimataifa na walikuwa na tatizo lile lile la ukingo. Wao wakaja na dawa tofauti, badala ya kubembeleza bastola wakabadilisha ganda. Ukingo ukapunguzwa, na juu yake ukachongwa mfereji wa kushikia kikucha, vingine vyote vikabaki karibu sawa na thati eiti speshali. Risasi hiyo ikaitwa thati eiti AMU, kwa herufi za kikosi chenyewe, Army Marksmanship Unit. Smith & Wesson wakatengeneza Modeli 52 inayokula risasi hiyo, na kuitofautisha wakagonga herufi A baada ya namba ya modeli, 52-A. Zikatengenezwa 87 basi.

Ndugu zangu, mimi nilisoma hiyo namba saa saba za usiku nikainuka kitandani. Manake nilikumbuka daftari la ami. Nikawasha taa nikafungua kopo, nikapekua mpaka Juni 1974, jina la yule mhandisi, alama 96, na kwenye safu ya namba ya silaha ami ameandika, kwa ule mkono wake mzuri, herufi A halafu tarakimu sita.

A! Nikaona basi, ami yangu alikuwa akiziba matundu ya moja kati ya bastola 87 za dunia nzima, hapa Mombasa, na hakuna anayejua. Asubuhi nikampigia binamu yangu, mchana mtaa mzima umejua. Na nilikaa na furaha hiyo karibu miaka miwili, nikisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, mahali popote.

Alafu nikataka cheti. Nikapata muuzaji mmoja wa nyaraka za silaha za kale, yuko ng'ambo, simtaji, tukaandikiana. Nikamtumia picha ya ukurasa wa daftari. Akajibu siku ile ile kwamba naam, herufi A hiyo ni ushahidi tosha, yeye anaweza kunitengenezea waraka wa uthibitisho wenye muhuri, na akaniuzia pamoja nao lebo ya boksi aliyosema ni ya 52-A. Nikatuma pesa, zaidi ya shilingi elfu ishirini, pesa za ada ya mtoto nikazirudishia baadaye kwa kazi za usiku. Waraka ulikuja. Karatasi nzuri nzito. Ile lebo nikaiweka chini ya hadubini ya yule kijana wa simu, na 52 imechapwa lakini A imeandikwa kwa kalamu ya mkono, wino unang'aa tofauti, umeingia kwenye nyuzi za karatasi ilhali wa chapa umekaa juu. Niliumia sana, sitaki kudanganya. Si kwa pesa tu. Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwa ami akamchezea vitu vyake.

Hapo ndo nilipoanza kufanya kazi vizuri, naweza kusema kila nilichokusanya kabla ya siku ile kilikuwa ni mapenzi tu bila macho. Nikaanza kuandika namba. Kila katalogi ya mnada niliyoipata, kila picha ya Modeli 52 ambayo namba inasomeka, naandika kwenye daftari la pili hili hapa, namba, modeli iliyogongwa, ilipoonekana, nani kasema, na nimeiona mwenyewe kwenye picha au nimeambiwa. Hiyo safu ya mwisho ndo ya thamani kuliko zote, nimeambiwa au nimeona. Na ukishapanga namba mia mbili za namna hiyo kitu kinajitokeza chenyewe, huhitaji mwalimu. Zile za miaka ya sitini zote namba tupu, hakuna herufi. Kuanzia kama 1970 hivi, bastola za semi-otomatiki za kiwanda hicho namba zinaanza na A. Zote! Modeli 39 ina A, Modeli 52 ina A. Ni herufi ya mfululizo wa namba, haina uhusiano wowote na 52-A. Herufi A ya wale 87 iko baada ya jina la modeli, hii ya ami iko kabla ya namba ya silaha. Herufi moja, mahali pawili, maana mbili zisizojuana.

Na jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu siku ya kwanza. Lile ganda. Bastola ya 52-A ilitengenezewa ganda lililopunguzwa ukingo, na ganda la ami lina ukingo kamili. Nilikuwa nimelishika, nimeliangalia chini ya hadubini, nimelisimulia, na sikuliuliza swali hilo moja kwa sababu sikutaka lijibu. Ukiviweka vyote pamoja, ganda laini lenye ukingo, namba yenye A mbele, tarehe 1974, basi hiyo ni Modeli 52-2, toleo la baadaye la 52, lile lililoanza 1971. Bastola nzuri sana, ya watu wanaojua. Lakini si moja ya zile 87.

Ilibidi nirudi kwa wale wote niliowasimulia. Binamu yangu alikasirika, akaniambia kwani ungekufa ukinyamaza, nani Mombasa angejua. Shangazi ndo aliyenisaidia, akasema marehemu alikuwa akiandika alichokiona, na wewe andika ulichokiona. Sikuwa na la kuongeza.

Watu wanaponiuliza sasa 52-A unaifuata ya nini kama si ya ami, nawaambia ndo naifuata zaidi. Kwa sababu nimeona jinsi uongo unavyoizunguka. Kitu kikiwa elfu tatu na kitu, kama Modeli 52 za kwanza kabisa, uongo mmoja hauharibu sana. Kitu kikiwa 87, zikiingia mbili za bandia kwenye orodha, historia yake yote imechafuka. Daftari langu lina namba za 52-A ambazo nimeziona kwa picha, hazijafika ishirini, na tatu kati yake nimezipigia mstari wa penseli kwa sababu herufi A haijakaa sawa na wenzake, imezama kuliko tarakimu, imegongwa siku nyingine na mkono mwingine. Sisemi ni bandia. Nasema sijaridhika, na nimeandika hivyo.

Kwa mwenye silaha halali kuna njia nyingine, rekodi za zamani za kiwanda kile zimetunzwa na unaweza kuomba barua ya historia, unatoa namba na picha na ada kidogo, wanakutafutia ilitoka kiwandani tarehe gani, imekwenda kwa nani, na ikiwa na umbo gani. Mwanahistoria wao Roy Jinks alikaa na vitabu hivyo miaka mingi sana na bila mtu wa namna ile sisi sote tungekuwa tunabahatisha. Barua hiyo haisemi silaha ni nzuri au mbaya. Inasema ilikotoka. Na hicho ndicho tunachokitaka.

Sasa hapa nyumbani. Nendeni Fort Jesus, si kupiga picha, nendeni mkasimame mbele ya mzinga wa Königsberg. Meli ya Wajerumani ile, tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia meli ya Waingereza Pegasus pale Unguja ikaizamisha, halafu ikajificha kwenye delta ya Rufiji mpaka Julai 1915 wenyewe Wajerumani wakaizamisha isitekwe. Wakatoa mizinga yake yote kumi majini, wakaikokota kupigana nchi kavu. Imebaki mitatu inayojulikana, mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja uko hapa kwetu, na mzinga wa Pegasus nao upo hapo hapo ngomeni. Adui wawili wamelala nyumba moja. Mimi nimewaona watoto wanaupanda kama punda, na mwongozaji mmoja nilimsikia akiwaambia wageni kuwa ni wa Wareno! Ngome ilianza kujengwa 1593, mzinga umekuja zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Tuna kitu kimebaki vitatu duniani, tatu, na tunakikalia.

Kwa hivyo hii kazi ya namba na makaratasi si ya Wamarekani peke yao. Wazee waliokuwa wakibandika shabaha, waliokuwa makuli wa ghala, makarani wa forodha, mafundi wa karakana ya reli, hawa waliandika. Daftari zao ziko kwenye makopo, chini ya vitanda, Majengo, Kisauni, Likoni, na kila mtu akifariki zinachomwa pamoja na magodoro. Nawaomba, mkikuta daftari lolote lenye tarehe na namba, hata kama hamwelewi ni namba za nini, msichome. Nileteeni mimi, au mpelekeeni yeyote kwenye kikundi hiki. Msisafishe chochote kwa siki wala kwa limau. Msipige pasi karatasi. Msiandike juu yake kwa kalamu, penseli peke yake, na nyuma.

Yule mzee aliyefanya kazi na ami uwanjani nilimpata mwaka jana, hasikii vizuri lakini kumbukumbu zake ziko. Nilimpa hili ganda akalizungusha vidoleni kama mlivyofanya nyinyi, akacheka, akaniambia yule Mmarekani alikuwa akihesabu maganda yake kila Jumapili ili ayajaze tena nyumbani, na akipungukiwa moja alikuwa akilitafuta kwenye nyasi mpaka jua linazama. Kumbe hili ndo lile lililopotea. Ami alilificha.

Haya, karatasi naiweka hapa mezani chini ya taa, pangeni mstari mje mtazame, shikeni kwa pembeni tu na aliyekula mahamri akanawe kwanza. Na ganda liko kwa nani saa hizi? Lirudi kwenye kopo kabla hatujafunga mlango.